Safari ya kikundi kidogo kwenye nchi ya ulanzi, Iringa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mvua zinapokaribia, maswali huanza kumiminika kwenye simu zetu, na mengi yanafanana. Tumeyaweka hapa pamoja. Soma hasa majibu kuhusu msimu, kuhusu mgema na kuhusu kubeba ulanzi nyumbani, maana hayo ndiyo yanayoamua kama safari hii inakufaa.

Mnatupeleka wapi, na kufanya nini?

Ni safari ya siku tatu na usiku mbili, inayoanzia na kuishia Iringa mjini. Tunatembelea mashamba ya milanzi pande za Kilolo na Mufindi, tunaandamana na mgema akigema asubuhi na jioni, na tunaonja ulanzi wa umri tofauti: uliotoka kwenye mwanzi muda mfupi uliopita, wa jana, na ule uliokwisha kukomaa. Katikati tunapita Kalenga na Isimila, kwa sababu mtu hawezi kuja Uhehe, nchi ya Wahehe, akaondoka bila kusikia habari za Mkwawa, mtwa (mtawala) wao aliyepigana na Wajerumani.

Sijawahi kusikia ulanzi. Ni kitu gani?

Ni pombe ya asili ya Nyanda za Juu Kusini, inayotokana na utomvu wa mwanzi mchanga. Mmea wenyewe tunauita mlanzi. Wataalamu wa mimea wanaujua kwa jina la Oxytenanthera abyssinica. Si kila mwanzi unatoa ulanzi. Ile mianzi mikubwa ya kijani au ya njano inayopandwa mijini kwa mapambo haigemwi, na mianzi inayoota yenyewe kwenye misitu ya milimani si hii.

Mlanzi huota kwa mashina yaliyosongamana. Mvua za kwanza zikilowesha ardhi, machipukizi mapya huchomoza kutoka chini, laini na yenye nguvu ya kukua kwa kasi ya ajabu. Hapo ndipo mgema anapoingia. Hulikata chipukizi kwenye ncha yake, na utomvu ambao mmea ulikuwa unaupandisha ili urefuke huanza kudondoka. Chini ya kidonda hufungwa mbeta, kipande cha mwanzi mkavu kilichoachwa wazi upande mmoja, na matone hukusanyika humo. Asubuhi na jioni mgema hurudi, humimina kilichopatikana, kisha kwa kisu kikali huondoa kipande chembamba sana pale penye kidonda ili pasizibe. Akikosa kwenda, utomvu hukauka. Akikata sana, hulimaliza chipukizi kabla ya wakati. Kazi yote iko kwenye mkono huo, na ukimwona mgema aliyeizoea hutaamini jinsi anavyokata chembamba.

Chipukizi lililogemwa halitakuwa mwanzi mrefu tena. Kwa hiyo mwenye shamba mwenye busara hagemi yote. Huacha mengine yakue, yalinde shina na yatoe machipukizi ya mwaka unaofuata. Ukitembea shambani utaona mwenyewe nani anafikiria mwaka ujao na nani hafikirii.

Kwa nini mnafanya safari wakati wa mvua tu? Si barabara zinakuwa mbaya?

Barabara zinakuwa mbaya kweli. Lakini bila mvua hakuna machipukizi, na bila machipukizi hakuna ulanzi. Nyanda hizi zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, pengine Mei, na ulanzi unafuata kalenda hiyo hiyo. Sisi tunaanza kupokea wageni Januari, mashamba yakiwa yamechangamka, na tunafunga mwishoni mwa Aprili. Wanaotaka ulanzi mwingi na mzuri tunawashauri Februari na Machi.

Wapo wanaotuomba tuwafanyie safari hii Julai kwa sababu ndipo wana likizo. Tunakataa. Julai utaona milanzi imesimama, mizuri kabisa, na mbeta zimening'inizwa ukutani hazina kazi. Hatuwezi kumtoza mtu hela ili aone mahali ambapo ulanzi ulikuwepo.

Nimesikia ulanzi una povu kama shampeni. Ni kweli?

Povu ni kweli. Namna linavyopatikana ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo sababu ya safari yetu kuwapo.

Kwanza shampeni. Inatengenezwa katika mkoa wa Champagne, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, zaidi kwa zabibu za aina tatu: Chardonnay, Pinot noir na Meunier. Divai huchachushwa mara ya kwanza, kisha hutiwa kwenye chupa nene pamoja na sukari kidogo na hamira, na chupa hufungwa. Hamira inakula sukari, inatoa gesi ya kaboni, na gesi haina pa kutokea, basi inayeyuka ndani ya divai. Chupa hulazwa kwenye mahandaki yaliyochimbwa katika mwamba wa chaki kwa muda usiopungua miezi 15 kabla ya kuuzwa. Msukumo ndani yake hufika mara tano au sita ya ule wa hewa ya nje, ndiyo maana kizibo hufungwa kwa waya. Mgeni anayekwenda Reims au Épernay huonyeshwa mahandaki hayo, na shampeni ile ile anaweza kuikuta Dar es Salaam au Nairobi, maana imeshafungiwa na inasafiri.

Ulanzi haufungiwi. Utomvu una sukari tangu unapotoka kwenye mwanzi, na hamira ya asili iko kwenye hewa, kwenye kidonda cha chipukizi na ndani ya mbeta iliyokwisha kutumika. Uchachu unaanza matone yakiwa bado yanadondoka. Mgema akishusha mbeta asubuhi, unaona povu jeupe juu na unasikia gesi ikitoka. Ukinywa, ulimi unachomwachomwa kidogo, kisha utamu unafuata. Baada ya saa chache ladha imebadilika, kesho yake imebadilika tena. Hakuna handaki wala chupa ya kuusubirisha. Shampeni inahesabu miezi, ulanzi unahesabu saa, na anayetaka kuujua inabidi aufuate ulipo.

Mtogwa na mkangafu ni nini?

Ndivyo wenyeji wanavyoutofautisha ulanzi kwa umri wake. Mtogwa ni ule mpya, mtamu, rangi yake nyeupe iliyofifia, mwepesi kunyweka. Mkangafu ni ule uliokaa, sukari imekwisha kuliwa, mkavu mdomoni, mkali, na wenye uchungu wa mbali. Katikati kuna hatua nyingi ndogo ndogo ambazo wazee wa vilabuni wanazitambua kwa harufu tu kabla hawajaonja.

Wageni wengi huanza wakipenda mtogwa. Wanywaji wa hapa wengi hupenda uliosogea kidogo kuelekea ukali. Sisi tunapenda ule wa jioni uliogemwa asubuhi, wakati gesi imejaa na utamu haujaondoka, na ndiyo maana tumeipanga siku ya pili hivi kwamba tuunywe saa hiyo.

Una kilevi kiasi gani?

Inategemea umri. Mtogwa una kilevi kidogo. Ukiachwa siku kadhaa unaweza kufika karibu asilimia 5, sawa na bia nyingi za chupa. Hatari yake iko kwenye utamu: mtu anakunywa kama maji ya matunda, kikombe baada ya kikombe, na kichwa kinamjulisha akishasimama. Mnywe polepole, na kula kwanza.

Ni salama kwa afya?

Ulanzi ni pombe ya kuchachushwa, haichemshwi wala haikenekwi. Hatupeleki mgeni kwenye gongo, na mtu akikuletea gongo ukiwa nasi, kataa, ni pombe iliyoua na kupofusha watu.

Tatizo la ulanzi likitokea huwa ni usafi. Utomvu ni mtamu, kwa hiyo nyuki, nzi na siafu huufuata, na wengine huangukia ndani ya mbeta. Mgema makini huchuja kabla ya kuuza. Sisi tunachuja tena kwa kitambaa safi mbele yenu. Vikombe tunabeba vyetu, kila mtu na chake, ingawa kwenye kilabu desturi ni kupokezana kikombe kimoja. Mkipewa kikombe cha kupokezana, si lazima mnywe; kukipokea kwa mikono miwili, kushukuru na kumpa anayefuata kunatosha, hakuna atakayechukia.

Mtogwa mwingi kwa tumbo lisilouzoea huweza kulilegeza. Wenye vidonda vya tumbo, wenye kisukari, wajawazito na wanaotumia dawa zisizopatana na pombe wasinywe kabisa. Tuambieni mapema, siyo mkiwa shambani.

Dini yangu hairuhusu pombe. Naweza kuja?

Karibu sana. Sehemu kubwa ya safari ni shamba, kazi ya mkono, historia na chakula, na tumepata wageni ambao hawakugusa kikombe wakaondoka wakiuliza maswali mengi kuliko wanywaji.

Jambo moja tu tunataka lieleweke vizuri. Kuna watu watakaokuambia kwamba mtogwa ni juisi na hauna kilevi. Si kweli. Uchachu umeanza tangu ulanzi ukiwa juu ya mwanzi, kwa hiyo hata ule uliotoka saa hiyo una kilevi kidogo. Kama unaepuka pombe kwa imani au kwa sababu uliwahi kuacha kunywa, usiujaribu. Tutakuwa na chai ya Mufindi na maziwa mgando kwa ajili yako.

Watoto?

Hatupokei walio chini ya miaka 18.

Kwa nini hamzidi watu wanane?

Shina la mlanzi limezungukwa na machipukizi machanga, na chipukizi likikanyagwa limeharibika. Mwenye shamba amepoteza kipato cha wiki kadhaa kwa buti la mgeni. Watu wanane wanaweza kusimama kwa mstari kwenye njia na kuona mkono wa mgema. Ishirini hawawezi, wa nyuma ataona migongo tu.

Tena mgema hufanya kazi yake alfajiri, na hafanyi kwa ajili yetu. Tunamfuata katika mzunguko wake wa kila siku. Kikundi kikubwa kingemchelewesha, na mashina ya mwisho yangekuta jua limepanda. Tumeombwa mara nyingi na makampuni na vyuo tuchukue basi zima. Hapana. Mkiwa wengi tunawagawa katika wiki tofauti.

Ratiba ikoje siku kwa siku?

Siku ya kwanza tunakutana Iringa mjini saa 3 asubuhi. Tunaanza Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, kiasi cha kilomita 15 kutoka mjini. Wahehe waliwapiga Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao, Emil von Zelewski, aliuawa hapo. Wajerumani wakarudi mwaka 1894 na mizinga, wakaibomoa Kalenga. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi 1898, alipojipiga risasi ili asikamatwe. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani na likarudishwa mwaka 1954. Liko kwenye makumbusho ya Kalenga, nanyi mtaliona. Tunaomba utulivu mahali hapo. Kwa watu wa hapa huyo ni babu.

Mchana tunashuka Isimila, kwenye barabara ya kwenda Mbeya, kilomita zipatazo 20 kutoka mjini. Kuna korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji, na mashoka ya mawe ya watu wa kale yaliyochimbuliwa na wataalamu miaka ya 1957 na 1958. Mvua ikiwa imenyesha asubuhi hiyo, hatushuki korongoni. Tunaishia kuona zana na kutazama kutoka juu.

Jioni tunalala Iringa, mapema, kwa sababu ya siku ya pili.

Siku ya pili ndiyo yenyewe. Tunaondoka saa 10 na nusu alfajiri kwenda Kilolo, na saa 12 tunakuwa shambani. Mgema anatangulia, sisi nyuma. Utaona mbeta zikishushwa, povu likimiminwa kwenye ndoo, kisu kikipita. Atakayeomba kujaribu kukata ataruhusiwa kwenye chipukizi moja lililochaguliwa na mwenye shamba, na hapo ndipo mtu anapojua kwamba kazi aliyoiona nyepesi si nyepesi. Tunaonja mtogwa pale pale, kikombe kimoja. Kisha tunarudi nyumbani kwa mwenyeji kupata chai na mahindi, na anatuonyesha kazi nyingine za mlanzi: ua, matenga, kihenge cha kuhifadhia mahindi, viti. Ukiona mji wa mtu huku umezungukwa na milanzi, ujue ana akiba ya mambo mengi.

Mchana wa siku hiyo ni wa kupumzika, na hatuupangii kitu kwa makusudi. Saa 10 jioni tunarudi kwa mgema kwa mkupuo wa pili, kisha tunakaa kilabuni. Kilabu cha ulanzi kijijini ni benchi, paa la bati, ndoo na watu wanaofahamiana. Huko tunaonja ulanzi wa umri tatu ukiwa umepangwa sambamba, na mwenyeji wetu anaeleza. Mara nyingi wazee wanaongezea, na mara nyingi hawakubaliani naye, na mazungumzo hayo tunayathamini kuliko maelezo yetu yoyote. Tunaondoka kabla ya giza.

Siku ya tatu tunakwenda Mufindi kupitia Mafinga. Hewa inabadilika, ukungu unashuka juu ya mashamba ya chai, na baridi inaingia. Tunaona chai ikichumwa, tunapita shamba moja la milanzi ili muonje ulanzi wa kwenye ubaridi, ambao huchachuka taratibu zaidi kwa sababu hamira hupenda joto. Wageni wenye ulimi makini wanaitambua tofauti bila kuambiwa. Tunarudi Iringa jioni.

Mnaenda vijiji gani hasa?

Tunawaambia mliokwisha kuweka nafasi. Hatuvitangazi kwa sababu wenyeji wetu wameomba hivyo. Hawataki magari yafike bila taarifa.

Nafikaje Iringa?

Kutoka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 500 kwa barabara kuu ya Zambia. Basi huchukua saa 8 hadi 10. Chagua basi la asubuhi ili upite mchana katika Hifadhi ya Mikumi, bonde la mibuyu kando ya Ruaha na mlima Kitonga. Kutoka Mbeya ni kilomita zipatazo 330, na kutoka Dodoma kuna lami kupitia Mtera. Barabara kuu inapita chini, Ipogolo; mji uko juu mlimani. Shuka, panda bajaji au daladala. Wageni wanaofika usiku tunawapokea, mtuambie tu jina la basi.

Njoo siku moja kabla. Mtu aliyeshuka kwenye basi alfajiri hiyo hiyo hafurahii chochote.

Nibebe nini?

Gambuti au viatu vyenye meno. Tope la hapa ni jekundu na linateleza, na viatu vyeupe vya mjini havitarudi vyeupe. Koti la mvua, sweta kwa ajili ya alfajiri na Mufindi, tochi, na dawa zako. Manukato acha nyumbani: nyuki wako wengi kwenye mbeta, na harufu kali ya mtu inawavuruga. Aliye na mzio wa kuumwa na nyuki ni lazima atuambie.

Sijui Kihehe. Nitawasiliana vipi?

Kiswahili kinatosha kila mahali. Lakini jifunze "kamwene". Ukiingia mahali, kabla ya swali lolote, sema kamwene, na utajibiwa kamwene. Anayeingia kilabuni na kuanza kuuliza bei kabla ya kusalimia amejiharibia. Wazee tunawaita baba au babu, akina mama tunawaita mama, na mgema, hata akiwa kijana mdogo kuliko wewe, usimwite "wewe". Wakubwa wanasalimiwa shikamoo kama kwingine.

Mgema anapata nini katika hela ninayolipa?

Swali hili tunatamani liulizwe na kila mtu.

Mwenye shamba analipwa kwa kila kikundi, kabla hatujaingia shambani kwake, iwe ulanzi umetoka mwingi au kidogo. Mgema, kama si yeye mwenye shamba, analipwa peke yake na mkononi mwake. Ulanzi tunaokunywa tunaununua kwa bei ya kilabu ya siku hiyo, hatuombi kuonja bure. Shamba la milanzi mara nyingi ni urithi. Kipande cha shina chenye mizizi kilipandwa na babu, na familia nzima inajua kila shina ni la nani. Kwa nyumba nyingi huku, ulanzi ndio hela ya msimu ambao mahindi bado yako shambani na ghala limepungua, hela ya daftari na ya mbolea ya kukuzia. Tukija na magari yetu tukanywa na kupiga picha tukaondoka, tutakuwa tumewaibia.

Ukitaka kumpa mgema ahsante yako, mpe. Tunaomba tu usimpe mbele ya wengine, na usimlipe kwa kumnunulia pombe.

Wageni pia huuliza kama ulanzi unaongezwa maji. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wauzaji wa namna hiyo wapo. Ulanzi uliotiwa maji hauna gesi ya kutosha, povu lake hufa haraka, na utamu wake hauna mwili. Shambani utakuwa umeuona ukishuka kutoka kwenye mbeta hadi kwenye kikombe chako, na baada ya hapo hakuna atakayekudanganya tena.

Naweza kugusa mbeta, au kuchungulia shina la jirani?

Usiguse bila ruhusa, hata kama njia ni ya wote na shina haliko ndani ya ua. Mbeta ya mtu ni kama mfuko wake. Kuiba ulanzi juu ya mwanzi ni jambo linalogombanisha watu sana vijijini.

Nataka kubeba lita tano nikawaonjeshe wa nyumbani.

Tunajua hamu hiyo, na tunakuomba usifanye hivyo. Ulanzi unaendelea kuchachuka njiani na kutoa gesi. Ukiufunga kwenye chupa au dumu lililokazwa, chombo kinavimba, na kwenye joto la basi kinaweza kupasuka na kuwalowesha abiria wenzako. Ukiulegeza mfuniko, unamwagika na basi zima linanuka. Na ukifika Dar es Salaam salama, utakachowapa ndugu zako si ulanzi ulioupenda. Utakuwa umekwisha kugeuka mkali na mchachu, nao watadhani ulanzi ni huo.

Wauzaji wanaousafirisha kutoka vijijini hadi mjini huacha mifuniko ikipumua na hawaendi mbali. Hata wao hukimbizana na saa.

Beba mbeta tupu, kapu lililosukwa kwa milulu (aina ya majani) au chai. Mbeta tunazinunua kwa wanaozichonga, na bei anaitaja mwenyewe.

Chakula kikoje?

Kizuri, na msimu unatusaidia. Mahindi mabichi, maharage mapya, majani ya maboga, viazi mviringo, kuku wa kienyeji, ugali. Mvua zikiwa nzuri kuna uyoga wa porini. Huo tunaununua kwa akina mama wanaoujua tangu utotoni tu, na hatumruhusu mgeni kuchuma wake. Asiyekula nyama hatapata shida yoyote.

Malazi?

Usiku wa kwanza na wa pili ni nyumba ya wageni Iringa mjini, chumba cha mtu mmoja au wawili, maji ya moto, chandarua. Hatulazi watu vijijini kwa sasa.

Nina gari langu. Naweza kuwafuata nyuma?

Kwenda Kalenga na Isimila, ndiyo. Siku ya pili na ya tatu, hapana. Utakuwa umekunywa, njia zinateleza, na kwenye makorongo ya Kilolo hakuna nafasi ya kukosea. Dereva wetu hanywi kabisa, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Hilo halina mjadala.

Picha ninaweza kupiga?

Mashamba na milima, piga. Mtu, muulize kwanza, na akikataa usimbembeleze. Kilabuni usipige kabisa isipokuwa wote waliopo wamekubali. Mwalimu au mzee wa kanisa aliyepita kunywa kikombe kimoja hastahili kujiona mtandaoni kesho yake.

Mvua ikikata barabara, au ulanzi usipotoka?

Barabara ikikatika kabla hamjafika, tunawapa tarehe nyingine au tunarudisha hela yote, mnachagua nyinyi. Ikikatika mkiwa tayari Iringa, tunabadilisha shamba. Tunao wenyeji pande mbalimbali kwa sababu hiyo.

Ulanzi kupungua hutokea. Mvua ikisimama wiki mbili katikati ya msimu, utomvu hupungua. Baridi nayo huupunguza. Siku hizo mtaonja kidogo, na hatutanunua ulanzi wa dukani kuficha ukweli huo. Tunajua kuna mgeni atakayeondoka na kiu, lakini ameliona shamba lilivyo.

Kwa nini mmebaki Iringa? Ulanzi si uko Njombe na kwingineko pia?

Uko, na ni mzuri. Wabena wa Njombe wanaugema kwa ustadi ule ule, na mtu wa Njombe hatakubali kwamba wa Iringa unaushinda. Sisi tunabaki pale tunapowajua watu. Wanaotaka kuendelea kusini baada ya safari yetu tunawaelekeza njia: Makambako, Njombe, kisha Makete na Kitulo, ambako maua ya porini huchanua miezi hii hii ya mvua. Mwendo huo ni wa siku nyingine tatu angalau, na gari liwe la magurudumu manne.

Nikitaka nafasi, niwaandikie nini?

Tarehe unazoziweza (mbili au tatu, maana vikundi hujaa), idadi yenu, kama mnakunywa au hamnywi, magonjwa na mizio, na unakotokea. Tutakujibu bei ya msimu huo ikiwa na kila kitu ndani yake: usafiri kutoka Iringa mjini, malazi, chakula, viingilio, malipo ya wenye mashamba na ulanzi wa kuonja. Nafasi inashikwa kwa kulipa nusu kwa simu. Nusu iliyobaki unalipa ukifika. Kwa Februari na Machi tuandikie kabla ya Krismasi.